Divai Nyeupe ya Pipa na Pombe ya Haraka

Kila Siku ya Mungu mwaona Padri akipokea karibu na altare vyombo viwili vidogo, kimoja cha maji na kimoja cha divai. Wakatekumeni wetu hutuuliza mara nyingi: "Mwalimu, divai ile yatoka wapi? Nayo si pombe kama pombe nyingine?" Swali la kwanza ni jepesi. Kanuni ya 924 ya Sheria ya Kanisa yataka divai ya Misa iwe ya asili, itokane na tunda la mzabibu, tena isiwe imeharibika. Haitaki zaidi. Lakini swali la pili ni zito. Sisi tumekaa nalo miaka mingi, na sababu yake tutaieleza mbele.

Leo twataka kulijibu kwa kuwasimulia habari za divai moja tu, divai nyeupe inayochachia ndani ya pipa la mti, kama tulivyoiona ikifanywa katika kijiji cha Meursault, nchi ya Ufaransa. Si kwamba divai ya Misa lazima ifanywe namna hiyo, hapana. Twaichagua kwa sababu kazi yake yaonyesha wazi kitu ambacho macho yetu hayakioni katika chupa iliyokwisha kufungwa.

Mwaka 2014 tulikuwa wanafunzi huko Ufaransa, katika mji usio mbali sana na Meursault. Mwezi wa Septemba masomo yalikuwa hayajaanza, na wenye mizabibu hutafuta mikono mingi kwa siku chache, maana zabibu zikiiva hazimngoji mtu. Basi tukaenda kuvuna pamoja na vijana wengine wa mataifa mengi. Baadaye tukarudi kule mara mbili, mara ya kwanza wakati wa Majilio, mara ya pili baada ya Paska, ili kuona divai ile imefikia wapi.

Meursault iko katika jimbo la kale liitwalo Bourgogne, karibu na mji wa Beaune. Hapo kuna kilima kirefu chembamba, chaanza mji wa Dijon na kwenda kusini kilomita kama 50, kikielekeza uso wake penye maawio ya jua. Zamani za kale kabisa palikuwa bahari, na mpaka leo mtu aweza kuokota mawe yenye alama za konokono na kome. Kwa hiyo udongo wake ni wa chokaa, umechanganyika na udongo wa mfinyanzi. Juu ya kilima ni msitu. Chini tambarare udongo ni mzito na maji hukaa. Mahali pazuri ni katikati ya mteremko, ambapo maji hushuka na mizizi hulazimika kuingia ndani sana kutafuta chakula. Sisi wakulima wa muhogo twalielewa jambo hilo. Shamba la mlimani na shamba la bondeni hayatoi muhogo wa utamu mmoja, hata kama mbegu ni ile ile.

Waliochungua kilima kile kwa uangalifu zaidi ni wamonaki. Mwaka 1098 wamonaki wachache walianzisha monasteri ya Cîteaux, katika mabwawa yaliyo mashariki ya kilima, na tangu mwanzo walipata mizabibu huko Meursault. Walisali, walilima, walionja. Kizazi kwa kizazi walitambua kwamba kipande hiki chatoa divai ya namna hii, na kipande cha jirani, hatua kumi tu mbele, chatoa ya namna nyingine. Vipande hivyo vina majina mpaka leo. Kimoja chaitwa Perrières kwa sababu ya machimbo ya mawe, kingine Charmes, kingine Genevrières. Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789 yalinyang'anya Kanisa mashamba yake yakauzwa, na siku hizi ni ya jamaa nyingi, mara nyingine jamaa moja ina mistari michache tu. Lakini mipaka na majina vimebaki, na mwaka 2015 shirika la UNESCO liliviandika katika urithi wa dunia.

Mzabibu wa divai nyeupe ya pale waitwa chardonnay. Mwaka 1999 wataalamu walipima asili yake, wakaona kwamba wazazi wake ni wawili: mmoja ni pinot, mzabibu wa heshima, na mwingine ni gouais, mzabibu wa maskini uliodharauliwa hata ukakatazwa katika mashamba mengi. Tuliposikia habari hiyo tulicheka, maana katika jamaa zetu pia mtoto mwema hatoki sikuzote katika arusi iliyosifiwa na wazee.

Katika hektari moja hupandwa mizabibu kama 10,000, mmoja karibu sana na mwenzake, ili kila mmoja uzae kidogo. Mzabibu mmoja watoa divai isiyozidi chupa moja, na mara nyingi haifiki. Wala hausimami juu ya mizizi yake wenyewe. Katika miaka ya 1870 mdudu mdogo aitwaye filoksera alifika kule akala mizizi, mashamba yakafa. Dawa iliyopatikana ni kuunga tawi la mzabibu wa Ufaransa juu ya mzizi wa mzabibu wa Marekani, ambao mdudu yule hauwezi. Ukiisha kupandwa, mkulima hungoja mpaka mwaka wa tatu ndipo avune zabibu za kufanya divai ya jina la kijiji.

Na kila mwaka una taabu zake. Wakati wa baridi, mizabibu ikilala, watu hupogoa kwa mkono, mti mmoja mmoja, vidole vikiwa ganzi. Tarehe 22 Januari humkumbuka Mtakatifu Vinsenti, msimamizi wao, kisha hurudi shambani. Mwezi wa Aprili machipukizi hutoka, na hofu hutoka pamoja nayo, kwani usiku mmoja wa sakitu, yaani baridi inayogandisha umande, waweza kuua mavuno yote. Ilitokea Aprili 2016, ikatokea tena Aprili 2021. Usiku wa namna hiyo watu huamka wote, huwasha mishumaa mikubwa kati ya mistari, au huchoma majani makavu ili moshi uyakinge machipukizi na jua la asubuhi. Wazee walisema hatari haiishi kabla ya sikukuu za Watakatifu Mamerto, Pankrasi na Servasi, tarehe 11 mpaka 13 Mei.

Mwezi wa Juni huja maua, na kutoka maua mpaka mavuno ni kama siku mia. Mwaka ule tuliovuna sisi, tarehe 28 Juni, mvua ya mawe ilipiga mashamba ya Meursault na ya vijiji vya jirani. Mwenye shamba alituonyesha makovu juu ya matawi, kama makovu ya fimbo. Akasema maneno mawili tu: "Mwaka wa tatu." Kweli, mwaka 2012 na 2013 pia mawe yalikuwa yamepiga sehemu zile. Hakusema zaidi, akatupa makasi na vikapu.

Tulivuna kwa mkono. Mizabibu ni mifupi, na mvunaji hukaa ameinama tangu asubuhi mpaka jioni. Siku ya pili mgongo ni kama umevunjika. Tulifundishwa kuacha kishada kibovu na kukata kizima bila kukiponda. Siku ya kuvuna yenyewe mkulima huichagua kwa kuonja na kupima. Akivuna mapema mno, divai itakuwa kali kama ndimu. Akichelewa, itakuwa nzito, haina uhai.

Jioni ile ile zabibu huingia katika shinikizo. Zabibu nyeupe hazichachi pamoja na maganda kama nyekundu. Hukamuliwa kwanza, polepole, na maji yake hukaa usiku mmoja ili tope litue. Ndipo huingizwa katika mapipa. Hapo, wasomaji, ndipo palipotushangaza.

Pipa la kule lachukua lita 228, yaani divai ya chupa kama 300. Hufanywa kwa mbao za mwaloni. Fundi hapasui mti leo akafanya pipa kesho. Mbao hukaa nje miaka miwili au mitatu, zikipigwa na mvua na jua mpaka ukali wake utoke. Kisha fundi huzikunja juu ya moto, bila msumari wala gundi, na moto ule huunguza kidogo upande wa ndani, ukiacha harufu ya mkate uliookwa. Mkulima mwenye busara hatumii mapipa mapya yote, huchanganya mapya na ya zamani, maana pipa jipya hunena kwa sauti kubwa mno.

Pipa halijazwi mpaka juu, kwa sababu povu laja. Baada ya siku chache chachu huanza kazi yake: hula sukari, hutoa pombe na hewa ya kaboni. Tuliambiwa tuweke sikio penye tundu la pipa. Tukasikia mlio mdogo, kama mvua inayonyesha mbali, au mafuta yanayoanza kuchemka katika sufuria. Pishi lote lilikuwa likinong'ona. Lakini tulionywa pia: hewa ile ni nzito, hukaa chini, na mtu akiingia mahali pasipo na upepo aweza kufa. Kwa hiyo milango iliachwa wazi.

Majuma yapita, mlio wapungua, chachu yafa na kutua chini kama mashapo. Mtu angedhani kazi imekwisha. Kumbe, wakati mwingine hata baada ya baridi kupita, huja badiliko la pili. Vijidudu vingine hugeuza ukali unaofanana na wa tufaha bichi kuwa ukali mpole unaofanana na wa maziwa. Mkulima haondoi mashapo. Hushusha kijiti kirefu ndani ya pipa na kuyakoroga polepole, ili divai ipate unono. Na kwa kuwa mti hupumua na divai hupungua, kila mara huongeza kidogo ili hewa isiingie. Hivyo hivyo miezi kumi na mmoja, hata kumi na minane.

Tulimwuliza mwenye shamba: kwa nini msichachishe katika tangi la chuma, halafu mkaitia divai katika pipa mwishoni, ipate harufu ya mti? Akatueleza kwamba divai iliyotiwa katika mti baadaye hubaki na ladha ya mti kando na ladha ya zabibu kando, kama wageni wawili mezani wasiosemezana. Lakini ikichachia mle mle, chachu yenyewe huzishika harufu za mti, huzilainisha na kuzibadili. Wataalamu wamepima jambo hilo wakaona ni kweli. Tangu siku ya kwanza vyote vitatu, zabibu, chachu na mti, hukua pamoja.

Jambo hilo si geni kwetu kabisa. Wenzetu wa Kivu hukamua ndizi mbivu katika chombo kirefu cha mti kilichochimbwa kama mtumbwi, hutia unga wa mtama, hufunika kwa majani ya migomba, na siku chache baadaye wana kasikisi. Ni mti, ni tunda, ni chachu, ni mikono ya watu wanaojua. Bibi zetu hawakusoma kemia, lakini walijua kwamba chombo kisicho safi huharibu kazi yote. Kwa hiyo, tuliporudi nyumbani, tulisimulia habari za Meursault kwa furaha.

Mwaka 2017 furaha hiyo ilikatika. Mkubwa wetu, mtoto wa mama yetu, alikufa kwa lutuku. Wasomaji wa Katanga mwaijua lutuku: mahindi na muhogo huchachishwa, kisha huchemshwa katika pipa la chuma, na mvuke hukusanywa ukiwa pombe kali kama moto. Hakuna anayepima nguvu yake, wala anayejua sumu gani imepita ndani ya mrija. Mkubwa wetu alikuwa fundi seremala, mikono yake ilipendwa kijijini. Alianza kunywa kidogo jioni, baadaye asubuhi, baadaye hakuhesabu tena. Ameacha bibi na watoto wanne.

Siku ya matanga mama yetu alituangalia, akasema: "Mwanangu, ulikwenda Ulaya ukasaidia kutengeneza pombe. Mimi nimezika mtoto. Niambie, pombe si pombe?"

Hatukumjibu siku ile. Mbele ya kaburi hakuna haja ya kutetea divai. Lakini tangu siku ile twafikiri, na jibu letu ni hili. Katika uhai wa mkubwa wetu hatukuona mtu akinywa lutuku ili aionje. Haionjeki; yamezwa haraka, uso umekunjwa, ili kitu fulani moyoni kinyamaze. Imetengenezwa kwa haraka, yauzwa kwa haraka, yanywewa kwa haraka, na huua kwa haraka. Divai ya pipa imekaa miaka mitatu ardhini kabla ya tunda la kwanza, mwaka mzima katika hofu ya sakitu na mawe, mwaka mwingine au zaidi ndani ya mti, kisha miaka katika chupa. Mtu aliyeinama katika mistari ile hawezi kuimeza bila kufikiri. Angejiona kama anatupa migongo ya watu.

Tuliona namna wanavyoinywa. Siku ya mwisho ya mavuno mwenye shamba alitukalisha wote meza moja, wavunaji na jamaa yake, mzee na mtoto. Akafungua chupa ya miaka sita. Haikuwa baridi kama barafu, kwani baridi kali huficha harufu. Ilikuwa na ubaridi wa pishi tu. Rangi yake ilikuwa kama dhahabu iliyofifia. Akamimina kidogo, chini ya nusu ya bilauri, akanusa kwanza, akanyamaza. Nasi tukanusa. Kulikuwa na harufu ya siagi, na ya karanga zilizokaangwa, na ya ndimu, na mbali kabisa harufu ya mkate. Kinywani ilikuwa nono, lakini mwisho wake ulikuwa na ukali safi, kama jiwe lililolowa maji. Tulikula samaki, na tulifikiri mukebuka wa ziwa letu Tanganyika angefaa sana mezani pale. Tulikunywa bilauri mbili kwa saa tatu. Hakuna aliyelewa. Waliongea habari za mawe ya Juni, na za babu zao.

Tena divai ile ina desturi ya kuwasaidia wengine. Mwaka 1443 Nicolas Rolin na mke wake Guigone de Salins walijenga huko Beaune hospitali ya maskini, na masista waliwahudumia wagonjwa ndani yake. Watu wakaipa hospitali mizabibu kama sadaka, mingine iko Meursault yenyewe. Tangu mwaka 1859 divai yake huuzwa kwa mnada mwezi wa Novemba, na mapato husaidia hospitali mpaka leo. Siku inayofuata mnada, watu wa Meursault hufanya karamu yao iitwayo Paulée, iliyoanzishwa mwaka 1923 na Jules Lafon. Desturi yake ni kwamba kila mmoja huja na chupa zake mwenyewe na kuwamiminia jirani zake.

Lakini tusiseme uongo. Divai ni pombe. Ina sehemu 12 au 13 za pombe katika mia, na ini la mwanadamu haliulizi kama pombe imetoka katika mwaloni au katika pipa la chuma. Ufaransa nayo ina walevi na wajane wa walevi, na sheria ya mwaka 1991 imewawekea wauzaji mipaka katika kuitangaza pombe. Nuhu alipanda mzabibu, akalewa divai yake mwenyewe. Wala uvumilivu hauleti faida sikuzote: divai nyeupe nyingi za Bourgogne, za mavuno ya kuanzia katikati ya miaka ya 1990, ziliharibika mapema ndani ya chupa, na wenye kuzitunza wakakuta rangi ya kahawia mahali pa dhahabu.

Basi, kwa wakatekumeni wetu twasema hivi. Ndiyo, divai ni pombe, lakini si pombe tu. Ni kazi ya watu wengi iliyopewa muda wake. Yezu Kristu alikubali kuigeuza maji huko Kana ili arusi isiaibike, naye aliichagua katika karamu yake ya mwisho. Mwenye afya na mwenye kipimo anywe kidogo mezani, pamoja na chakula na watu, akimshukuru Mungu, iwe divai au kasikisi safi ya nyumbani. Hatuhitaji chupa ya Meursault. Bei yake si ya mifuko yetu, wala furaha haimo katika bei.

Na kwa yule ambaye pombe imekwisha kumshika, twasema neno lingine. Ndugu, usionje hata kidogo, hata divai iliyo bora. Si aibu. Kanisa lenyewe lamwelewa mtu wa namna yako: Padri asiyeweza kunywa divai kwa sababu ya ugonjwa aweza kuruhusiwa na Askofu wake kutumia musto, ndiyo maji ya zabibu ambayo kuchacha kwake kumezuiliwa. Nawe mwamini, ukipokea Mwili wa Kristu umempokea Kristu mzima. Na ninyi majirani, mkimwona mtu ameanza kunywa peke yake asubuhi, msingoje matanga. Nendeni kwake leo, mkakae naye, mkale naye. Kwa mkubwa wetu tulikaa hivyo mara chache, na saa zile chache, akiwa mezani na watoto wake, hakuomba kunywa.